Komedi bubu Kondele, sh 50 na unacheka mpaka mbavu ziume

Kama uko Kisumu na unapenda kucheka, Jumapili saa tisa ingia kile kibanda cha muvi nyuma ya stage ya matatu hapo Kondele. Siku zingine ni mpira na muvi za kupigana lakini Jumapili mwenye kibanda anaweka komedi bubu za miaka ya 1920, zile muvi zisizo na sauti, maneno yanaandikwa tu kwa skrini, za wachekeshaji kama Charlie Chaplin, Buster Keaton, Harold Lloyd, kiingilio sh 50.

Kwanza nimpe huyo mwenye kibanda heko kwa kunyamaza. Maandishi yakitokea anayasoma kwa Kiswahili mara moja halafu basi. Madijei wa kutafsiri nawapenda sana kwa muvi za Kichina, lakini hapa mwili ndio unaongea, ukimwekea Keaton maneno mdomoni umemharibia kazi. Mvua ilinyesha katikati, mabati yakapiga kelele huwezi sikia jirani, na hakuna mtu alilalamika, watu waliendelea tu kucheka.

Tuliwekewa Steamboat Bill, Jr. ya 1928. Kuna kimbunga, halafu ukuta wote wa mbele wa nyumba unamwangukia Keaton, yeye amesimama tu, tundu la dirisha la juu linampitia kichwani mpaka chini na mabega hayajaguswa. Ukuta wa ukweli huo, nafasi ilikuwa inchi chache tu kila upande, angesimama vibaya angekufa palepale, na uso hata haukunji! Mtoto wa benchi la mbele akapiga kelele "rudisha!" na kweli ikarudishwa, hapo ndio nikaona vizuri vile kamera imekaa mbali, unaona nyumba nzima na mtu mzima kwa picha moja bila kukatakata, ndio maana unaamini.

Shida ni kasi. Nyingi za hizi zilipigwa na kamera ya kuzungushwa kwa mkono, picha hazifiki 24 kwa sekunde, ukizionyesha kwa 24 za siku hizi zinaenda mbio, sasa ile ya Chaplin tuliyowekewa pia ilikuwa inakimbia watu wanaonekana kama kuku wamemwagiwa maji moto, na kwa Chaplin ule mwendo wa miguu ndio utani wenyewe. Kopi zilizorekebishwa zipo, azitafute.

Na ile piano moja inayojirudia aitoe. Enzi hizo kumbi zilikuwa na wapiga muziki laivu mbele ya skrini, na Kisumu hii wapiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, hawajakosa, amwite mmoja, mimi nitalipa hata sh 200.