Thunderbird na saa za barua pepe: uzoefu wangu ofisini Tanga

Ofisi yetu hapa Tanga inaandaa nyaraka za mkonge unaokwenda nje, kwa hiyo barua pepe kwetu ndiyo kazi yenyewe. Bei ina saa yake, nafasi ya kontena ina saa yake, na ukichelewa umekosa. Kompyuta ya ofisini natumia Thunderbird ya Mozilla, programu ya kusoma na kutuma barua pepe, ambayo ni ya bure. Kinachonifanya niipende ni kwamba nikitaka kuona saa ya ujumbe kama ilivyoandikwa na mtumaji, haifichi.

Kila barua pepe ina mstari wa tarehe unaoandikwa na kifaa cha aliyetuma. Kanuni ya RFC 5322 ya mwaka 2008, inayoeleza barua pepe iandikwe vipi, inataka saa hiyo ifuatiwe na tofauti yake na saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Sisi ni +0300, yaani saa tatu mbele ya UTC, mwaka mzima. Wajerumani ni +0100, kisha wanahamia +0200 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Thunderbird inapiga hesabu yenyewe: mnunuzi wa Hamburg akituma saa 14:00 ya kwao mwezi Januari, mimi naona 16:00, yaani saa kumi jioni. Mwezi Julai naona 15:00. Hapo sijawahi kuikuta imekosea.

Mambo yanaharibika pale mtumaji mwenyewe anapokuwa na saa yenye kasoro. Februari tulikuwa tunapokea bei za nyuzi, mwisho saa kumi jioni. Asubuhi yake tunafungua, bei ya mzee mmoja wa Muheza inasoma 02:40, usiku wa manane, muda umeshapita. Wenzangu wakataka kumtoa. Nikabonyeza Ctrl na U, ujumbe ukafunguka na mistari yake yote ya juu. Tarehe ilisema 15:40 -0800. Kumbe laptopu yake ya mtumba ilibaki kwenye ukanda wa saa wa Marekani ya magharibi, saa nane nyuma ya UTC, mtu akasogeza saa kwa mkono mpaka ikalingana na ya kwetu; Thunderbird ikaongeza saa kumi na moja, ikafika 02:40.

Nilipompigia akashangaa. “Mwanangu, mbona saa yangu iko sawa na ya msikitini?”

“Ni kweli mzee, saa iko sawa. Ukanda ndio wa kubadilisha.”

Kilichomwokoa ni mistari inayoanza na neno Received. Kila seva, yaani kompyuta inayopitisha barua pepe njiani, ikipokea ujumbe huongeza mstari wa kwake juu, na saa yake yenyewe, kwa hiyo unasoma kutoka chini kwenda juu. Wa juu kabisa, wa seva yetu, ulisema 12:40 +0000. Ongeza saa tatu: 15:40. Alikuwa ndani ya muda, na bei yake ikarudishwa mezani kama haki yake ilivyotaka.

Lawama zangu ni mbili. Kwanza, Thunderbird hupanga ujumbe kwa tarehe ya mtumaji, kwa hiyo saa mbovu ya mtu mmoja inavuruga orodha nzima. Dawa ipo: ongeza safu ya muda wa kupokelewa, upange kwa hiyo. Ningependa iwepo tangu mwanzo. Pili, na hili linaniudhi zaidi, ukijibu ujumbe, ule mstari unaotaja nani aliandika na lini unaweka saa ya kwako bila tofauti ya UTC. Mjerumani akijibu naye anaweka ya kwake. Majibu yakirundikana, saa zinagongana na hakuna anayejua ipi ni ya wapi. Kwa sababu hiyo siku hizi muda wa mwisho tunauandika ndani ya ujumbe wenyewe: 16:00, +0300.

Ukitaka kuiweka, kagua kwanza ukanda wa kompyuta yako. Kwenye Windows tafuta Nairobi, UTC+03:00, ndio wa kwetu pia.