Msiulize sabuni kwanza, ulizeni kitu cha kutolea cheni

Kwenye saa ya marehemu mjomba, kwenye pembe ya chini inayoshikilia cheni, usawa wa namba saba, kuna mstari mweupe wenye urefu wa punje ya mchele. Niliuchora mimi, Jumapili mchana, sebuleni kwangu Shangani, Mtwara, kwa kifaa cha kutolea cheni cha shilingi elfu nne. Saa yenyewe ni Omega Seamaster ya chuma. Mjomba aliinunua enzi za ubaharia, akarudi nayo Mikindani alipostaafu, na alipofariki wazee wakasema ni ya mtoto wa dada yake, ndiyo mimi. Mama alipouona ule mstari hakugomba. Alisema tu, "Kaka yangu kaizungusha dunia nzima na hii saa, haikupata kovu. Wewe hata mwezi bado."

Tangu nisimulie mkasa huo, naulizwa kila siku: dada, sabuni gani nzuri? Brashi ya namna gani? Ile mashine ya kuoshea kwa mtetemo vipi? Cheni yenyewe unaitoaje kwenye saa, hilo hakuna anayeuliza, na ndiko saa zinakoharibikia.

Kama una saa mpya ambayo kitufe chake cha pembeni cha kurekebishia saa hukazwa kama skrubu na mipira yake ya ndani ya kuzuia maji ni mizima, mambo yako mepesi. Rolex wenyewe huwaambia wateja wao wakaze kitufe, kisha waoshe kwa maji ya sabuni na brashi laini, na wakitoka baharini waisuuze kwa maji yasiyo na chumvi. Osha, futa, nenda zako. Lakini saa nyingi nzuri ninazoziona huku kusini ni za kurithi au zimenunuliwa mkononi kwa mtu, na mipira inayozuia maji ilishakakamaa. Hata yale maandishi ya "30 m" nyuma ya saa yasikutie kiburi. Hayo ni ya kuvumilia matone ukinawa mikono, si ya kupigia mbizi Msimbati. Kwa saa kama hizo cheni ndiyo inayooga, kichwa, yaani saa yenyewe, kinafutwa tu kwa kitambaa. Lazima uvitenganishe.

Na huku pwani usiseme utaacha tu. Upepo una chumvi, na ukifika msimu wa kaskazi jasho halikauki. Vyote viwili vinajificha pale cheni inapokutana na saa, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Chuma cha pua nacho huliwa na chumvi ikikaa sehemu iliyobanwa. Nilipofanikiwa hatimaye kuitoa cheni ya mjomba, pini moja ilikuja na vumbi la kahawia kama ugoro. Pini hiyo ingekatika nikiwa nyuma ya bodaboda, sasa hivi ningekuwa naandika mambo mengine.

Sasa tuje kwenye ncha ya kifaa cha kutolea cheni. Pini ya saa ni kijiti chenye springi ndani, na karibu na mwisho wake kuna ukingo mdogo kama kola. Uma wa kifaa unatakiwa upenye kati ya cheni na pembe ya saa, ushike ile kola, urudishe springi ndani. Upenyo wenyewe ni mwembamba kama ukucha. Uma mnene hauingii vizuri, unashika nusu, wewe unaongeza nguvu, unateleza, na nguvu yote inaishia kwenye pembe. Halafu chuma chake chenyewe ni laini. Ule wangu kwenye jaribio la tatu meno yake yalikuwa yamepishana kama ya mtoto wa miaka sita. Kwa hiyo kwenye orodha hii ya vifaa sikuangalia mpini, rangi wala kikasha. Nimeangalia ncha.

Namba moja ni Bergeon 6767-F, na sina haya kusema nampendelea. Hawa ni Waswisi wa Le Locle, wanahudumia mafundi saa tangu 1791. Upande mmoja una uma, upande wa pili una sindano ya kusukumia pini kwa zile saa zenye matundu pembeni. Ncha zinafunguliwa na kubadilishwa, kwa hiyo ukivunja moja hutupi kifaa kizima. Angalia hiyo herufi F, ndiyo yenye uma mwembamba. Ya kwangu aliniletea shemeji aliyekuwa safarini, na mara ya kwanza kuitumia nilidhani nimekosea, maana pini ilitoka bila kelele wala jasho. Hata hivyo bandika selotepu kwenye pembe zote nne kabla ya kuanza. Mimi sasa hivi nabandika tabaka mbili, kwa woga.

Namba mbili ni koleo za Bergeon hao hao, 7825, zinazobana pini pande zote mbili kwa mpigo. Kwa cheni nzito ya chuma ni raha kuliko hata namba moja. Bei ndiyo imezishusha. Kwa mtu mwenye saa moja ya mjomba, hapana.

Namba tatu ni fundi saa wa sokoni. Wengi watashangaa sijamweka mwisho, lakini mkono wenye uzoefu unafidia kifaa kibaya. Mpe atoe cheni, kaioshe nyumbani, irudishe kesho airudishie. Mimi nilimwendea mzee mmoja nikamwambia, "Shikamoo babu, naomba ubandike selotepu kwanza." "Marahaba. Kazi hii nimeianza hujazaliwa." Akabandika lakini.

Zile seti za vipande kumi na kitu, za elfu kumi, zenye kinyundo: usinunue. Kinyundo chake hakifai hata kubangulia korosho.

Mashine ya mtetemo ni ya cheni peke yake, kamwe si kichwa, na ukiitoa kagua skrubu na pini zote maana huwa inazilegeza. Binafsi sijaona inachofanya ambacho beseni halifanyi. Matone mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji ya uvuguvugu, mswaki laini wa mtoto ambao haujawahi kugusa mchanga. Loweka dakika kumi. Ukianza kusugua kati ya vipande, unatoka uchafu mweusi kama masizi na maji yanageuka rangi ya chai. Jik usiguse, klorini inakula chuma. Dawa ya meno inakwangua. Suuza kwa maji ya mvua au ya chupa kama kisima chenu kina chumvi, kisha iache mbele ya feni usiku mzima.

Sasa na mimi nina langu. Kabla ya shemeji kuniokoa niliagiza "Bergeon orijino" kwa muuzaji wa Dar. Picha safi, bei ya kueleweka. Akauliza nipo wapi, nikasema Mtwara, bei ikapanda palepale, na nauli ya kifurushi cha basi bado ni juu yangu. Mzigo ulipofika, jina lilikuwa limeandikwa bila ile "e" ya pili. Namba yake tangu siku hiyo haipokelewi. Na ukisubiri ununue hapahapa mjini wakati malipo ya korosho yameanza kutoka, hata pini za miatano utaambiwa elfu mbili, eti mzigo umekuwa adimu. Adimu vipi wakati kopo limejaa nalitazama?

Kuhusu hizo pini: nunua mbili za akiba, lakini pima kwanza kwa rula nafasi iliyopo kati ya pembe na pembe. Ya mjomba ni milimita 18. Niliitaja mara mbili dukani, kijana akanipa za 20 akasema, "Dada, zote sawa, utaibana tu."