Mafunzo ya Haki za Mpiga Picha Mjini Kisumu: Nilicholipia na Nilichopata

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nililipa shilingi 2,500 kuhudhuria mafunzo ya siku nzima kuhusu haki za mpiga picha katika maeneo ya umma, yaliyofanyika katika ukumbi wa kukodi mtaani Milimani, Kisumu. Ada hiyo ilijumuisha chai ya saa nne, ugali na samaki wa mchana, kijitabu cha kurasa 24, na zoezi la alasiri ambalo nitalieleza kwa kirefu kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Tulikuwa watu 19: wanahabari wachache wenye kadi za Baraza la Vyombo vya Habari, vijana wanaorekodi video za mitandaoni, na sisi wengine ambao riziki yetu hutokana na harusi, mahafali na mazishi. Kwa asiyeishi huku, naomba aamini kwamba mazishi ndiyo yanayolipa kodi ya studio nyingi za mji huu.

Sikwenda kwa udadisi tu. Mwaka jana nilikuwa mtaani Kondele, hapa Kisumu, nikimsubiri mteja, maandamano yakapita, nami nikapiga picha kumi na tano hivi kabla afisa mmoja hajanishika ukosi na kuniamuru nifute kadi nzima ya kumbukumbu mbele yake. Ndani ya kadi hiyo zilikuwemo picha zote za mazishi niliyoyapiga siku iliyotangulia. Nilizifuta. Familia ile niliirudishia shilingi 18,000, na aibu yake ilinichoma kuliko hasara yenyewe, kwa maana aliyezikwa hazikwi mara ya pili ili nipate picha nyingine. Kwa hiyo niliingia ukumbini na maswali mawili: je, afisa yule alikuwa na mamlaka hayo, na mimi nilipaswa kumwambia nini?

Swali la kwanza lilijibiwa kabla ya chai. Wakili aliyetufundisha asubuhi alianzia kwenye Katiba ya 2010, na alikuwa na kipaji cha kukifanya kifungu cha sheria kisikike kama jambo lililomtokea jirani. Kifungu cha 33, alisema, kinampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Hakisemi kila mwanahabari. Alilirudia jambo hili mara tatu kwa sababu swali la kwanza la afisa barabarani huwa ni kadi ya uanahabari iko wapi, na wengi wetu huinamisha kichwa hapo hapo kana kwamba tumekamatwa tukiiba. Kifungu cha 31, kinacholinda faragha, kinajumuisha haki ya mtu kutopekuliwa ovyo wala kunyang'anywa mali yake. Kamera inaweza kuchukuliwa kihalali kama ushahidi, lakini kuchukua ni jambo moja na kufuta ni jingine, na kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kuiona sheria inayompa afisa ruhusa ya kufuta picha za raia. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinataka uelezwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe kuwasiliana na wakili, na ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, isipokuwa muda huo ukiishia wakati mahakama haziketi. Nilifurahishwa pia kujua kwamba jedwali la sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa aliyevaa sare abandike jina au nambari yake ya utumishi mahali panapoonekana. Yule wangu wa Kondele hakuwa na lolote kati ya hayo mawili, nami sikujua kwamba lilikuwa jambo la kuliangalia.

Wakili hakutupamba tu na haki. Alitueleza mahali ambapo mpiga picha hana pa kusimama: Sheria ya Siri Rasmi, Sura ya 187, na Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 204, ambazo zinahusu sehemu kama kambi za jeshi na maeneo mengine yaliyotangazwa rasmi. Mwenye droni ana kanuni zake za mwaka 2020, na anayetengeneza filamu ya kuonyeshwa umma anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sura ya 222. Kisha akatupa mfano wa upande wa pili. Mwishoni mwa 2014 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama, na mojawapo ya vipengele vyake ilimkataza mtu kuchapisha picha za wahanga wa shambulio la kigaidi bila idhini ya polisi. Februari 2015 Mahakama Kuu ilikibatilisha pamoja na vipengele vingine kadhaa. Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo, ingawa wakati huo nilikuwa tayari nina kamera shingoni.

Sehemu iliyonyamazisha ukumbi ilihusu mji wetu wenyewe. Tarehe 16 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, kamera ya runinga ya KTN ilimnasa afisa wa polisi akiwafyatulia risasi vijana hapa Kisumu, na nchi nzima ikaona. Afisa huyo alishtakiwa kwa mauaji, lakini Juni 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia, kwa kuwa nambari ya bunduki iliyofikishwa mahakamani haikulingana na ile aliyosemekana kupewa siku hiyo. Watu wazima ukumbini walikuwa wanaikumbuka video ile bila kuonyeshwa. Wakili aliitumia kutueleza kwamba picha, hata iwe wazi kama mchana, huingia mahakamani ikiwa imeshikwa mkono na karatasi: faili la asili lisiloguswa, maelezo ya kifaa kilichotumika, na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kwa rekodi za kielektroniki. Anayetuma video kwa WhatsApp kisha akaifuta kwenye simu yake amebaki na nakala iliyobanwa, na hana tena ile ya asili.

Hapo ndipo fundi wa kompyuta alipopewa nusu saa, na ndiyo nusu saa iliyoniuma. Alieleza kwamba picha ikifutwa kwenye kadi, kwa kawaida haiondoki papo hapo. Kamera huandika tu kwamba nafasi ile iko huru, na picha hubaki pale mpaka nyingine iandikwe juu yake. Ukiitoa kadi mara moja na usiitumie tena, programu ya kurejesha data inaweza kuziokoa nyingi, na mara nyingi hata kadi iliyofomatiwa haraka huwa haijafa. Nilikaa kimya. Kadi yangu ya Kondele niliirudisha kwenye kamera siku ya pili na kupigia harusi nzima.

Swali la pili, la nimwambie nini, lilijibiwa alasiri na polisi mstaafu ambaye sasa analima miwa upande wa Muhoroni. Tulimwita Mzee, ila ndani ya zoezi alitaka aitwe Afande. Alisimama langoni pa ukumbi, na kila mmoja wetu akatakiwa kupita na kamera akipiga picha, naye amzuie. Kijana aliyenitangulia aliulizwa, "Wewe, nani amekutuma kupiga picha hapa?" akajibu kwa sauti kwamba ni haki yake chini ya Kifungu cha 33. Mzee akacheka, kisha akamweleza kwa upole kwamba jibu hilo ni sahihi na litamlaza ndani: "Umenifundisha kazi mbele ya wenzangu. Nikikuachilia sasa, hao wataniona mimi ni mnyonge."

Zamu yangu ilipofika niliishusha kamera kutoka usoni, kwa sababu alikuwa ametuambia kwamba afisa huogopa mtu asiyeonyesha macho, nikamsalimu, nikataja jina langu na mahali studio yangu ilipo, nikasema kwamba akitaka nirudi nyuma nitarudi. Alisema, "Futa hizo." Nikamjibu kama tulivyofundishwa: "Afande, kufuta sitaweza, ila kama unazihitaji kwa ushahidi, twende nazo kituoni ziandikwe kwenye OB, nami nipewe nambari." Mzee aliukatiza mchezo hapo na kuwaita wote wasikilize. Neno lenye uzito katika sentensi ile, alisema, ni OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Afisa mwenye sababu atakupeleka na kuandika, na asiye na sababu hapendi jina lake likae humo, kwa hiyo mara nyingi atakuambia uende zako. Nambari hiyo ya OB ndiyo pia utakayoanza nayo ukitaka kulalamika kwa IPOA, mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi. Nimesoma makala mengi kuhusu haki za mpiga picha, na hakuna hata moja lililonipa sentensi ninayoweza kuitamka nikiwa natetemeka.

Kuna mambo yaliyonikera. Kijitabu kimeandikwa kwa Kiingereza kitupu, jalada pekee ndilo lina maneno ya Kiswahili, na hili ni ajabu kwa watu waliotumia asubuhi nzima kutufundisha kwamba mkamatwa ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Hakuna afisa hata mmoja aliye kazini aliyehudhuria. Suala la askari wa kaunti, hawa kanjo ambao kwa mpiga picha wa barabarani husumbua mara nyingi kuliko polisi, liliulizwa na watu wawili na likarukwa mara zote mbili. Faragha ya wanaopigwa picha nayo ilipewa dakika ishirini tu, ilhali kwetu sisi wa harusi na shule ndipo hatari ilipo: Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Kiasi kama hicho kingeifunga studio yangu na kuuza hata viti.

Kasoro nzito zaidi iliibuliwa na mshiriki aliyesafiri kutoka Nakuru. Aliuliza kama koti lenye neno PRESS linasaidia, akikumbusha kwamba tarehe 16 Julai 2024, mjini kwao, mwanahabari wa runinga alipigwa risasi za mpira mguuni akiwa amelivaa. Wakili alimtazama Mzee, na Mzee alikawia kujibu. Hatimaye alikiri kwamba yote tuliyofanya langoni ni ya siku tulivu. Mabomu ya machozi yakishaanza hakuna anayesikiliza salamu, na kinachobaki ni umbali, ukuta wa kukukinga mgongo, na njia ya kutokea uliyoichagua kabla hujatoa kamera. Niliuheshimu ukweli huo, lakini ulistahili saa nzima na mtu aliyewahi kupiga picha ndani ya maandamano, na mtu kama huyo hakuwepo.

Kwa shilingi 2,500, pamoja na upungufu huo, ningelipa tena. Wiki mbili baadaye nilizuiwa karibu na stendi kuu ya mabasi nikipiga picha za matatu kwa ajili ya mteja, nikashusha kamera, nikasalimu, na mazungumzo yakaisha kabla ya kufika kwenye OB. Waandaaji wanasema watarudia mafunzo haya kabla ya Desemba, kwa ada ile ile. Anayetaka kujiandikisha awaulize kwanza kama Mzee wa Muhoroni atakuwepo, na kama hatakuwepo, asubiri awamu nyingine.