Uzoefu wangu na huduma ya utetezi wa kisheria kwa watu wenye ulemavu

Mimi ni kiziwi. Nilitafuta msaada wa kisheria baada ya mwajiri kunipa barua ya onyo kwamba sifuati maelekezo. Maelekezo hayo yalitolewa kwa mdomo, kwenye vikao ambavyo nilikuwa nimeomba mkalimani wa lugha ya alama nisijibiwe.

Nitaanza na mapokezi, maana ndiyo yaliyonifanya niwaamini. Kaka yangu alinisindikiza, na nilivyozoea ofisini, nilijua ataulizwa yeye. Wakili alinigeukia mimi. Kupitia mkalimani waliyemlipa wao, aliniuliza kama nataka kaka awepo kwenye mazungumzo. Nikakubali. Kisha akaniuliza ninataka nini, na kila kaka alipodakia kujibu, wakili alisubiri jibu langu. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, kinatambua kwamba tuna uwezo wa kisheria sawa na watu wengine. Mtetezi asiyeanzia hapo atakushindia kesi ambayo si yako.

Nilikwenda na hasira, nikitaka mahakama. Wakili hakunizuia wala kunichochea. Alinieleza kwamba tungeweza kuanza na barua, kuomba usuluhishi au kufungua shauri, na kila njia ingenigharimu nini, hata katika kuishi na wenzangu kazini. Nikachagua barua. Hoja yake kuu sikuwa naijua: kwa mujibu wa kifungu cha 2 cha mkataba huohuo, kumnyima mtu mwenye ulemavu marekebisho anayohitaji, kama vile mkalimani, ilhali hayamwelemei mwajiri kupita kiasi, ni ubaguzi. Si lazima mtu awe amekutukana au kukuchukia. Nilikuwa nimeishi miaka mingi nikidhani mkalimani ni fadhila ya kuombwa kwa unyenyekevu.

Onyo limeondolewa kwenye faili langu. Vikao vikubwa vina mkalimani. Vile vifupi napewa maelezo kwa maandishi, na nimeridhia.

Huduma ni bure, lakini hawachukui kila shauri. Wengine wanapewa ushauri tu, kwa sababu mawakili ni wachache na wanachagua mashauri yatakayowafaa wengi. Ukienda, beba barua, ujumbe na tarehe zote, wala usichelewe: malalamiko ya kazi yana ukomo wa muda kisheria, na ukipita hata wakili hodari atakosa pa kushika.

Lawama yangu kubwa ni kwamba maombi ya kwanza yanapokelewa kwa kupiga simu. Ofisi inayotetea viziwi! Ilibidi kaka apige kwa niaba yangu, yaani nilimhitaji msemaji ili nifike mahali ninapoweza kujisemea. Nimewaandikia waweke njia ya ujumbe mfupi na ya video. Ya ujumbe mfupi wameshaifungua, ya video bado naifuatilia.