Umeme wa nje ya nyumba: ununue kipi, uachane na kipi

Kabla hujashika waya wowote, tafuta RCD ya miliampia 30, yaani kifaa kinachokata umeme ukivuja, hiyo siipangi namba kwenye orodha hii kwa sababu haina mbadala. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue, wewe haikulindi, maana umeme wa kuua mtu ni mdogo sana na breka ya ampia 16 haiusikii hata kidogo. RCD inapima umeme unaoenda na unaorudi, ukipungua njiani inakata fasta. Ina kibatani cha kujaribia, kibonyeze mara kwa mara, isipokata badilisha.

1. Soketi ya nje ya ukutani. Wengi wanawaza kuchimba mtaro kumbe hii ingewatosha. Tafuta iliyoandikwa IP66, IP ni alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji. IP44 inavumilia marasharasha tu, iweke chini ya paa. Halafu muulize muuzaji, je kifuniko kinafunga plagi ikiwa ndani? Kuna zile ambazo IP66 yake ni mpaka zifungwe tupu, ukichomeka kitu maji yanaingia, sasa hapo umelipia nini?

2. Kebo ya kufukia, ile yenye nyuzi za chuma chini ya ganda. Hii ni ya geti, banda au pampu. Ifukie nusu mita au zaidi, na juu yake tandaza utepe wa tahadhari ili mwenye jembe kesho akutane nao kabla ya kebo. Nunua na glandi zake kabisa, vile vifungio vya kubana ncha za kebo, na zile nyuzi lazima fundi aziunge kwenye eathi. Kama umbali ni mrefu usibanie unene, pampu ikipata umeme hafifu inahangaika kuwaka na mota inaungua.

3. Waya wa kawaida ndani ya paipu ya PVC. Kwa kupita ukutani sawa, ardhini hapana. Paipu nyepesi jua linaikausha inapasuka.

4. Ekstensheni ya raba ya kuviringisha. Ya kazi ya siku moja, ukimaliza irudi ndani. Na ikunjue yote hata kama unahitaji mita tatu, ikibaki imejiviringa na mashine nzito inapiga kazi inachemka mpaka ganda linayeyuka.

5. Ekstensheni nyeupe ya sebuleni iliyofungwa mfuko wa plastiki. Hii nimeiweka tu kwa vile naiona kila mahali. Mfuko unatunza unyevu humohumo ndani, bora hata ungeiacha wazi, na wazi kwenyewe haifai.