Ford 7.3 au Chevrolet 6.6: ipi ya kuvuta trela zito?

Marekani, asiyetaka pikapu ya dizeli mara nyingi hubaki akizipima Ford F-250 ya lita 7.3 na Chevrolet Silverado 2500HD ya lita 6.6. Injini zote mbili ni V8 (silinda nane) za petroli zisizo na tabo, ile pampu ya kusukumia hewa, na zote zilianza na modeli za 2020.

Ford ilitoka na nguvu za farasi 430, Chevrolet 401. Mlimani tofauti hiyo ni ndogo. Kinachosikika hasa ni gia. Ford ilikuwa na gia 10 tangu mwanzo, Chevrolet ikabaki na 6 mpaka ilipopata 10 kwenye modeli ya 2024. Injini za namna hii hutoa msukumo wake mkubwa karibu na mizunguko 4,000 kwa dakika, basi gia zikiachana mno, injini hulegea kila inapobadilisha. Ukinunua iliyotumika, anza hapo.

Jingine, Ford hupuliza petroli kabla ya vali, ikaziosha. Chevrolet huipuliza ndani ya silinda, na vali za hewa huweza kushika masizi.

Mimi ningechukua Ford. Lakini soma kwanza kibandiko cha mlangoni, kinachotaja uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba: uzito wa trela unaokalia ndoano huhesabiwa pamoja na abiria na mizigo.