Kukodi baiskeli Tanga kwenda Amani na kurudi siku hiyohiyo, uzoefu wangu

Nianze na hela maana najua ndo swali la kwanza la kila mtu. Nimelipa elfu sitini na tano kwa kichwa, humo ndani kuna baiskeli ya gia, kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ya kubeba baiskeli kutoka Tanga mjini mpaka Sigi, geti la hifadhi ya msitu wa Amani, siti yako kwenye Noah, muongozaji mmoja, maji na chakula cha mchana. Kiingilio cha hifadhi hakimo, hicho unalipa mwenyewe serikalini kwa namba ya malipo, na mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, kwa hiyo kitambulisho usisahau. Jina la hawa jamaa wanaokodisha nalihifadhi kwa sababu kuna vitu nitawasema huko chini na mji wetu huu mdogo, kesho nakutana nao barabara ya 13 itakuwa salamu gani hiyo.

Najua kuna watu wataguna, mtu wa Tanga anakodi baiskeli? Mji mzima ni baiskeli, watoto wanaenda nayo shule, mama anaenda nayo sokoni, mzee anaenda nayo msikitini. Sawa, ila mji wetu ni tambarare kama sinia na baiskeli zetu nyingi ni zile Phoenix za gia moja, ukiitoa hiyo Ngamiani ukaipeleka milima ya Usambara utaisukuma kwa mkono kupanda, na kushuka ndo usiombe kabisa.

Afu wala sisi hatukutaka mlima mwanzoni. Tulitaka bwawa. Shemeji yangu alikuwa ameona mahali picha za wazungu wanazunguka ziwa kwa baiskeli, milima nyuma, maji ya bluu, akasema na sisi tunalo la kwetu, Mabayani, twende tukalizunguke tupige picha saa nane tuko nyumbani tunakula. Tukaenda ofisini kwao na wazo hilo. Dada wa mezani akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema kaka yangu tripu ya hivo siuzi. Lile bwawa ndo chanzo cha maji ya jiji zima, huingii ukazunguka tu kama uwanja wa mpira, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za maji. Angeweza kabisa kuchukua hela yetu akatuzungushia porini tukarudi na michongoma kwenye soksi, ila hakufanya hivo, na kwangu mimi hapo ndo alipopata nyota yake ya kwanza.

Akatuuliza, mnataka maji au mnataka picha? Kama ni maji basi panda nayo mpaka yanakotoka. Mto Zigi, wengine wanaandika Sigi, unaanzia juu kule Usambara Mashariki kwenye misitu ya Amani, unashuka, unajaza Mabayani, tunayanywa sisi, yanayobaki yanapita Amboni yanaingia baharini. Kwa hiyo ile chai unayokunywa Chumbageni asubuhi, maji yake yalishapita chini ya miti ya Amani. Mimi nimekaa Tanga miaka yote na hii habari ya mto nilikuwa naijua nusunusu tu, kuona kijito chenyewe kinakatiza barabara kikiwa chembamba ambacho mtoto anaruka ni kitu kingine. Muongozaji alituambia huko juu kuna umoja wa wakulima unaitwa UWAMAKIZI, wanaotunza kingo za mito ya Zigi na Kihuhwi ili udongo usishuke bwawani, na kweli ukipita unaona sehemu wamepanda miti na majani pembeni ya mto badala ya mahindi.

Sasa baiskeli. Hapa nitakaa kidogo maana ndo hasa unacholipia.

Jioni ya kabla ya safari wanakutaka uende ukachaguliwe baiskeli, usipoenda hawakupeleki, mimi nilidhani ni usumbufu. Nyuma ya ofisi kuna fundi mzee, amevaa shuka la kikoi na shati lenye grisi, ananiangalia miguu kabla hata ya kujibu salamu yangu. Shikamoo mzee, marahaba, kaa hapa. Akanipimia siti, akaishusha, akaipandisha, akaniambia kanyaga pedali ya chini kwa kisigino, goti linyooke. Halafu akaipindua baiskeli juu chini, akazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole akainamisha sikio. Kuna kamlio kadogo ka kwaruu kwaruu ambako mimi wala nisingekasikia. Akaitazama mipira ya breki, ilikuwa imeisha upande mmoja imekuwa inang'aa, akachukua spana namba kumi, akafungua ile ya zamani akaitupa kwenye kopo, akafunga mpya zote nne, mbele na nyuma, akavuta waya akaukaza. Kisha akaniambia mgosi panda, shika breki zote, na yeye akanisukuma kwa nyuma kwa nguvu zake zote. Baiskeli haikusogea. Akasema haya, sasa unaweza kwenda, gia utajifunzia njiani ila breki hazijifunziwi njiani.

Akanipa na somo la kushuka mlima ambalo nalirudia hapa kwa faida ya wengine: usibane breki moja kwa moja kutoka juu mpaka chini, rimu inapata moto na mpira unateleza, shika uachie, shika uachie, anza ya nyuma ndo ifuate ya mbele, makalio yarudi nyuma ya siti, na kona unapunguza mwendo kabla hujaiingia maana ukishaingia umechelewa kwenye kokoto utalala. Kuna baiskeli zao tatu nne zina breki za diski, hizo huwa zinawahiwa, ila kwa maoni yangu ya mipira iliyofungwa vizuri na huyu mzee inatosha.

Mpango wa siku wenyewe nao umefikiriwa. Mnatoka mjini saa kumi na moja alfajiri, na wanaondoka kweli, jamaa mmoja wa kikundi chetu alifuata kwa bodaboda mpaka Pongwe. Lami mpaka Muheza, mnapita mashamba ya mkonge giza likiwa linaondoka, zao hili alilileta Mjerumani Hindorf mwaka 1893 na bado mistari yake imenyooka hivohivo. Muheza mnaingia barabara ya Amani, ni kama kilometa 36 mpaka juu, kuna vipande vina lami na vipande vya udongo na mawe, na hii sehemu ya kwanza baiskeli zinabaki kwenye kirikuu. Mnashukia Sigi, pale getini, penye nyumba ya zamani ya stesheni masta ambayo saivi ni ofisi ya taarifa, kulikuwa na kareli kembamba ka Wajerumani kutoka Tengeni kuja kubeba mbao.

Kwanini wanaanzia hapo na sio Muheza? Kwa sababu kupanda kunafanyika asubuhi na baridi, na miguu bado mipya, halafu kurudi jioni ndo mnashuka kwa baiskeli kutoka Amani mpaka Muheza yote. Hesabu ni rahisi, Amani iko kama mita 900 juu ya bahari na Muheza ni kama 200, kwa hiyo kurudi sehemu kubwa hunyongi, unakaa tu. Kuna kampuni nyingine niliwahi kuisikia wanafanya kinyume, wanakunyongesha kutoka Muheza na jua la saa nne, ukifika Sigi umeshakwisha na mlima ndo unaanza. Hao waacheni.

Kupanda kwenyewe kutoka Sigi kunachosha, sitaki kudanganya mtu. Gia ndogo kabisa, unanyonga unanyonga mti ule ule bado uko pembeni yako. Lakini kivuli ni cha msitu mnene, mara mbega wanaruka juu, mara hondohondo anapita unasikia mbawa zake zinavuma kabla hujamwona. Kwenye mwamba mmoja wenye unyevu muongozaji alitusimamisha akatuonyesha vile viua vya zambarau vya saintpaulia, vidogo, majani yana manyoya, ndo hivohivo vinavyouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima. Vimepewa jina la bosi wa Kijerumani wa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyevipeleka kwao miaka ya 1890. Yeye kapata jina, mwamba umebaki kwetu. Shemeji yeye alipanda nusu akamwita kirikuu, inatembea nyuma polepole kwa ajili hiyo na hamna anayekucheka, nilipenda hilo, maana wengine mnaenda na wazazi au na mtu ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa darasa la sita.

Juu Amani kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, miti ya kutoka kila kona ya dunia, mnazunguka humo taratibu, afu mnanyonga kwenda upande wa Kwamkoro kwenye chai. Hapa ndo shemeji alipata picha zake. Ziwa hakuna, ila mashamba ya chai yamelala kwenye vilima kijani mpaka macho yanachoka na ukungu unapita chini yako. Kwenye vijiji wanaanika iliki na mdalasini na karafuu kwenye mikeka, unapita na baiskeli kwenye harufu. Nunua huko, wauzaji wenyewe ndo wakulima.

Haya, lawama.

Chakula. Tuliahidiwa saa saba, kimefika karibu saa tisa, na watu mmepanda mlima tangu asubuhi. Kilipofika kilikuwa kizuri, bada na kisamvu cha nazi na samaki wa kukaanga, ila njaa ile ilishaharibu urafiki wa watu wawili kwenye kundi. Bebeni ndizi na karanga zenu.

Kofia ngumu. Ziko saizi mbili tu, kubwa na ndogo, na mikanda ya baadhi imelegea, yangu ilikuwa inanifunika macho kila nikigonga shimo nikaishia kuvaa na kilemba ndani. Watu wanaojali breki kiasi kile hawana sababu ya kuwa na kofia za hivo.

Muongozaji ni kijana mzuri, anajua ndege wote, lakini yuko mmoja na anakaa mbele muda wote. Kwenye kushuka watu wanaachana, wa nyuma akipata pancha kule katikati ya msitu ambako simu haishiki mtandao anabaki peke yake na kelele za vyura mpaka kirikuu imfikie. Mmoja wetu ilimtokea. Kirikuu ilikuwa na pampu na viraka na solusheni, kwa hiyo ikatengenezwa, ila watu zaidi ya sita wanahitaji mtu wa kukaa nyuma kwa baiskeli, hili nimewaambia na nalirudia. Ramani ya msitu ipakue kwenye simu ukiwa bado mjini.

Na dhamana. Unaacha elfu ishirini ya baiskeli, kuirudisha ikachukua siku kadhaa na simu ambazo hazipokelewi, mpaka nilipoenda mwenyewe nikakaa pale kwenye benchi na gazeti. Wakati wa kulipia ukipiga inapokelewa mlio wa kwanza. Dai risiti yenye maandishi ya dhamana, usikubali maneno.

Kushuka sasa, maana najua mnasubiri. Kushuka ndo raha yenyewe ya tripu na ndo hatari yenyewe. Kona zimefuatana, pembeni ni korongo, mawe yaliyolegea, bodaboda zinapanda na mikungu ya ndizi imejaa barabara nzima. Nilimkumbuka yule mzee kila kona. Vidole viliuma mpaka kesho yake, ila baiskeli ilisimama kila niliposema simama. Muheza tumefika jua linakaribia kuzama, tumekaa pale stendi tunakula machungwa yao, wewe nunua tu hata kama nyumbani yapo, halafu Noah mpaka mjini watu wote wamelala.

Msimu muulize vizuri kabla hujalipa. Amani inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, inaweza kunyesha mwezi wowote, lakini masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, usijaribu kabisa, ule udongo mwekundu ukilowa hakuna mpira wa breki utakaokusaidia. Januari na Februari ni pazuri, na kuanzia Juni mpaka Septemba kuna ubaridi mtamu, beba sweta, mtu wa Tanga mjini anajisahau.

Nawapa nyota nne. Ile moja nimeitoa kwa dhamana na kofia, chakula nimewasamehe kwa sababu ya kisamvu. Mwezi wa nane tunarudi tukiwa wengi, na ukienda kabla yangu chagua namba 7 au yoyote ya diski ukiiwahi, ila ile nyekundu namba 4 iache, gia ya katikati inaruka na mzee mwenyewe anajua, anasubiri spea kutoka Dar.